Kamba ya Kuvutia Lori

Kamba ilikuwa imeibwa. Lori lilikuwepo, wafanyakazi wa kampuni ya uwakala wa forodha walikuwepo na fulana zao mpya, wapinzani wao wa yadi ya jirani walishaanza kucheka, lakini kamba nene ya kulivutia haikuonekana Kurasini nzima. Na lori lisipovuka mstari, wafadhili hawatoi viti vya magurudumu kwa watoto wa wodi ya mifupa.

Inspekta Kokushubila, aliyekuja kusimamia usalama wa shindano tu, akajikuta na kesi.

"Nani katoka na mzigo?" alimuuliza mlinzi.

"Hakuna, afande. Geti nimelifunga mwenyewe."

"Basi imo humuhumu."

Mzee Bandali, mwenye kampuni, alikuwa akifoka. Kila mwaka yeye ndiye hushika kamba mbele kabisa, na glovu alikwishavaa.

Inspekta akapita kwenye makontena. Moja liliandikwa TUPU kwa chaki. Mlangoni lilikuwa na sili mpya, kile kifungo cha chuma ambacho mawakala huweka mzigo ukishapakiwa.

"Kontena tupu nalo linafungwaga sili?"

"Wala! Ya nini?" mlinzi alishangaa.

"Nani anazitunza?"

"Dada Kubra. Binti wa mzee."

Sili ikakatwa. Kamba hiyo hapo, imekunjwa vizuri. Kubra akaitwa.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, afande."

"Ungeacha bila sili, nisingetazama mara mbili."

"Mkono umezoea. Nikifunga kontena, naweka sili."

"Wale watoto wamekukosea nini?"

"Daktari kamkataza baba kuvuta kitu chochote. Moyo wake mbovu. Mwenyewe baba kaniapisha nisimwambie mtu. Sasa nifanyeje, nimwache afie kwenye kamba?"

Bandali alisogea, uso umemwiva.

"Unanidhalilisha mbele ya watu, Kubra."

"Nakutaka hai, baba."

Mzee akavua glovu, akampa. "Haya. Kaa mbele wewe."

"Na mashitaka?" Inspekta aliuliza.

"Mashitaka gani, afande? Kamba si hiyo hapo!"

Lori liligoma, likatikisika, likaja. Kubra alivuta mpaka akakaribia kulala chini, na wenzake nyuma yake wakipiga kelele. Lilipovuka mstari, hata wapinzani walipiga makofi.

Mzee Bandali alikuwa analia bila aibu, amemng'ang'ania Inspekta mkono.

"Unamwona yule mwizi wa kamba, afande? Binti yangu yule!"