Maswali Yale Yale kwa Kila Mtu

Kila siku ya shule, kabla hapajapambazuka vizuri, Ardell Tollefsrud aliwasha basi la wanafunzi ili lipate moto. Kisha alirudi jikoni kunywa kahawa na mumewe, Orrin. Kiunoni alining'iniza redio ndogo. Ikilia, naye hana watoto ndani ya basi, aliacha lolote akakimbilia ambulensi. Alikuwa mhudumu wa kujitolea mjini Stordal kwa miaka kumi na tisa, bila malipo.

Mwezi wa kumi ikaja barua kutoka serikali ya jimbo. Sasa kila mhudumu wa ambulensi, wa jiji au wa mashambani, sharti apate mafunzo ya namna moja. Saa mia na hamsini, kisha mtihani. Mji usio na wahudumu wanne waliofaulu utafunga ambulensi yake. Iliyo karibu zaidi na Stordal ilikuwa maili arobaini, na theluji ikianguka, ni safari ya saa nzima na zaidi.

Wahudumu wakakutana kituo cha zimamoto. Duane Skogen, fundi wa matrekta aliyefuga ng'ombe pia, aliitupa barua mezani.

"Saa mia na hamsini! Na ng'ombe wangu atawakamua nani? Gavana?"

Watu wakacheka, lakini hawakuwa na furaha. Watatu tu ndio waliojiandikisha. Macho yote yakamgeukia Ardell. Yeye alitazama kikombe chake. Aliacha shule akiwa na miaka kumi na mitano.

"Nitaaibika, Orrin," alisema nyumbani. "Mimi na vitabu tuliachana zamani."

"Basi acha, mama. Umeshatoa vya kutosha."

Ardell alipiga magoti akaomba. Kwa kweli alitumaini Mungu angekubaliana na Orrin.

Wiki ile ile, saa sita mchana, redio ikalia, Ardell na Duane wakaenda na ambulensi. Mzee Milo Hruby alikuwa ndani ya gari lake mbele ya ghala la nafaka. Alitokwa na jasho na maneno yake hayakueleweka. Stordal nzima ilijua Milo anapenda bia.

"Milo, leo umeanza mapema!" Duane alimtania.

Wakampeleka kwake, wakamlaza na kumfunika blanketi. Baada ya saa mbili binti yake alimkuta hajitambui. Hakuwa amelewa. Alikuwa na kisukari, ameanza sindano za kushusha sukari mwezi uliopita, na sukari ilikuwa imeshuka mno. Alilazwa siku tisa. Alirudi akisahau majina ya wajukuu zake.

Ardell hakuweza kula. Alikwenda kwa Sista Corinne, muuguzi aliyefundisha wahudumu wa dharura katika mji wa mbali.

"Niambie ukweli, Sista. Tulikosea wapi?"

"Mlimwuliza nini?"

"Hatukumwuliza kitu. Milo tunamjua."

"Hapo ndipo mlipokosea," Sista alisema kwa upole. "Angekuwa mgeni mngemwuliza. Mtu akitokwa jasho na kuongea ovyo, inaweza kuwa pombe. Inaweza kuwa sukari, au kiharusi. Kwa macho huwezi kujua. Ndiyo maana kanuni mpya inasema: maswali yale yale kwa kila mtu, hata ndugu yako. Unaumwa nini? Kulianza lini? Ulikuwa ukifanya nini? Unatumia dawa gani? Kisha unatoboa kidole na kupima sukari. Ni dakika moja tu."

"Lakini gharama yake, Sista! Vitabu, petroli, jioni zote zile."

"Ni kubwa, sikatai. Na jimbo limekosea kuandika sheria bila kusema nani atalipa. Lakini Ardell, Milo naye amelipa." Sista akamshika mkono. "Ninyi msije huku. Mimi nitakuja Stordal kila Jumanne na Alhamisi."

Akina mama wa kanisa wakapika chapati za maji na soseji, wakauza, wakanunua vitabu. Ardell alisoma ndani ya basi akisubiri watoto watoke darasani. Mara mbili alilia. Mwezi wa nne alifanya mtihani, akapita mstari wa kufaulu kwa alama mbili tu. Wakatimia wanne. Ambulensi ikabaki.

Duane hakusoma. Aliona haya kukaa darasani ambamo kosa lake kwa Milo lingetajwa.

Mwezi wa tano, Duane alikuwa akitengeneza trekta kwa Orrin. Akamwona Orrin ameketi kwenye ngazi, uso umepauka. Akapiga simu. Ardell akafika na ambulensi pamoja na mwenzake Joyce.

"Jina lako nani?" Ardell aliuliza.

"Umepagawa, mama?"

"Jina lako!"

"Orrin. Mume wako! Ni bega tu, unalijua. Nilivuta ndama jana."

"Silijui. Lilianza kuuma lini?"

"Asubuhi hii."

"Ukifanya nini?"

"Nimekaa tu, nanywa kahawa."

Ardell akamshika kifundo cha mkono ahesabu mapigo. Bega lile huuma Orrin akinyanyua vitu, si akikaa.

"Maumivu yanakwenda wapi?"

"Mpaka kwenye taya."

Akampigia daktari kwa redio. Akamwuliza Orrin dawa anazotumia na kama aspirini humdhuru. Daktari aliporuhusu, akampa kidonge akitafune.

"Niache nitembee mpaka kwenye gari," Orrin alisema.

"Hata hatua moja. Moyo usitumikishwe. Duane, shika machela!"

Njia nzima Ardell aliomba kimoyomoyo. Hospitalini wakakuta mshipa wa moyo umeziba. Madaktari wakauzibua kwa wakati.

Jioni Duane alisimama mlangoni pa wodi, kofia mkononi.

"Mimi ningempaka dawa ya misuli, nimwambie alale," alisema.

"Hata mimi, mwaka jana," Ardell alijibu.

Duane akazungusha kofia yake. "Darasa jingine linaanza lini?"

"Mwezi wa tisa. Njoo na penseli."

Orrin akafumbua jicho moja kitandani.

"Na kabla hajaingia," alisema, "mwulizeni kwanza jina lake."