Majibu ya Bi Pazia

Bi Pazia na mdogo wake walishona mapazia katika chumba kimoja, na kila kitu walifanya pamoja. Mchana, jua likipita kwenye vitambaa vilivyotundikwa, chumba kiligeuka bluu, kisha kijani. Hapo Bi Pazia alizama kwenye mawazo, mguu wake ukiendelea tu na cherehani.

Basi hata kupima saratani ya mlango wa kizazi walikwenda pamoja, na majibu ya wote wawili hayakuwa mazuri. Mdogo aliambiwa arudi mwakani kupimwa tena. Bi Pazia aliambiwa aende hospitali kubwa kwa daktari wa wanawake, asikawie.

"Ya nini kuhangaika?" alisema Bi Pazia. "Nitasubiri nawe. Mwakani tutakwenda wote."

"Afadhali," mdogo wake akajibu. "Peke yangu naogopa."

Wenyewe walijiona wamepanga vizuri. Lakini kila alipopitiwa na usingizi wa mchana, Bi Pazia aliota anashona pazia lisilokwisha, na nyuma yake kuna chumba ambacho hajawahi kuingia. Aliamka na moyo mzito. Kulikuwa na jambo ambalo hata mdogo wake hakulijua: alikuwa akitokwa na damu katikati ya mwezi, nje ya siku zake.

Siku moja jirani yao muuguzi alikuja kuchukua mapazia yake. Mdogo hana kifua, akamwaga yote.

Muuguzi akavuta kiti. "Dada, walikwambia ni seli gani zimebadilika?"

"Za tezi. Nami shingo yangu haina kitu."

Muuguzi akacheka. "Si tezi za shingo. Seli hizi hutengeneza ute. Zimo katika njia ya mlango wa kizazi na ndani ya kizazi chenyewe. Mdogo wako ana mabadiliko madogo ya juu juu, mara nyingi huisha yenyewe. Yako ni mengine. Huenda si kitu, huenda ni saratani au mwanzo wake. Kusubiri na kurudia kipimo kilekile hakutoshi. Daktari ataangalia kwa kifaa cha kukuza, kisha atachukua vinyama vidogo vya kupima kutoka ndani. Kwa umri wako, hata ndani ya kizazi. Unatokwa na damu isiyo ya kawaida?"

Cherehani ikanyamaza.

"Ndiyo," alisema Bi Pazia.

"Dada, hata mimi umenificha?" mdogo wake akauliza.

"Niliogopa, mdogo wangu."

Kesho yake dada hao wawili walikwenda hospitali kubwa. Daktari aliangalia kwa kile kifaa, mlango wa kizazi ukaonekana safi. Bi Pazia akashusha pumzi, akataka kuinuka.

"Bado, mama," alisema daktari. "Ndani sijapaona."

Akachukua vinyama. Iliuma kama maumivu ya hedhi, na Bi Pazia aliubana mkono wa mdogo wake mpaka kazi ikaisha.

Majibu yalionyesha seli za ndani ya kizazi zikielekea kuwa saratani, ila hazijafika. Kizazi kikatolewa. Bi Pazia alilia. Watoto wake walikwisha kuwa watu wazima, lakini kilikuwa chake. Kisha akapona, na ile ndoto ya pazia haikurudi.

Mwaka ulipotimia, mdogo alijiandaa kwenda kurudia kipimo. Bi Pazia alikuwa mlangoni mapema, amekwisha kuvaa viatu.

"Wewe unakwenda kufanya nini?"

"Nilikwambia tutakwenda wote," alisema Bi Pazia, akamshika mkono.