Kiti cha Nyuma

Jua lilikuwa linazama fundi vioo alipofika karakana ya wakala aliyemuuzia pikapu yake, kuichukua. Mara ya saba.

Mlinzi wa getini alishamzoea. Hakumwuliza tena jina wala anamfuata nani. Alimfungulia tu, akataka kujua kama bado hajapewa kitanda humo ndani. Fundi vioo hakucheka. Miezi mitano nyuma angecheka, wakati pikapu ilikuwa mpya, nyeupe, milango minne, na yeye mwenyewe alikuwa mtu wa utani.

Mara ya kwanza aliileta kwa jambo dogo, taa nyekundu iliyogoma kuzima. Wakaizima. Ugonjwa wenyewe ulianza baada ya hapo, na haukubadilika hata siku moja. Jioni, akitoka kazini kurudi nyumbani, akishavuka daraja na kufika mbele ya geti moja la kahawia lisilofunguliwa kamwe, injini ilikufa. Haikukohoa. Haikutetemeka. Ilikufa tu, kama taa iliyopulizwa. Kisha kitasa cha mlango wa nyuma kilijifungua chenyewe.

Ta.

Naye alishuka, akafunua boneti, akatazama vitu asivyovijua, akapiga simu waje kuivuta. Karakana walibadilisha hiki na kile, wakaijaribu asubuhi, ikaenda kama maji. Wakaandika kwenye karatasi: Gari limejaribiwa. Kasoro haikuonekana. Fundi wa mtaani hakuweza kumpelekea; angeigusa tu, na dhamana ingekufa.

Mke wake, aliyebakiza siku chache kujifungua, alilifanya jambo hilo kichekesho. Alisema pikapu imepata bwana huko karakana, ndiyo maana kila wiki inajifanya mgonjwa. Lakini taa zikishazimwa alimwuliza, kwa sauti ya chini, kama siku yenyewe itawafikisha hospitali. Walikaa ng'ambo ya daraja, mahali ambapo jua likizama magari ya abiria huwa yamekwisha. Na daktari alishaonya: huyu asicheleweshwe, damu yake inapanda haraka.

Jioni hiyo dada wa mapokezi alimpa ufunguo, karatasi na tabasamu. Fundi vioo aliisoma. Kasoro haikuonekana. Aliikunja mara nne, akaitia mfukoni, akaenda mwenyewe uani kutafuta gari lake.

Aliliona nyuma kabisa, chini ya turubai. Jeupe. Milango minne. Alivuta turubai kwa hasira...

Halikuwa lake.

Mbele lilikuwa limebondeka hadi kwenye usukani. Lakini nyuma halikuwa limeguswa na ajali. Nyuma lilikuwa limefunguliwa kwa spana, taratibu, kipande kwa kipande. Kitasa cha mlango hakikuwepo. Pampu ya mafuta haikuwepo. Pale palipokuwa na kiti cha nyuma pamebaki bati tupu.

"Funika hilo, kaka."

Alikuwa msimamizi wa karakana, mtu mfupi wa mikono mikubwa, ambaye wote walimwita Spana. Fundi vioo hakufunika. Alimwuliza kiti kimekwenda wapi.

Spana alitazama huku na huku. Kisha akasema kwa kunong'ona, kama mtu anayetema mfupa. Vipuri vipya havikuwa vinafika. Kwa hiyo waliazima. Ndivyo walivyofanya miaka yote: gari lililokufa huliazima lililo hai, mpaka mzigo ufike, ndipo kila kitu kirudishwe mahali pake. Ile taa nyekundu, walichukua kompyuta ya injini. Alipolalamikia kuzima, pampu. Wakati wa kufunga pampu walimwagia mafuta kiti chake cha nyuma, wakaona haya kumwambia, wakakibadilisha kimyakimya. Kisha kitasa. Kisha nyaya.

"Kila ukija, tunachukua kingine," Spana alisema.

"La nani hili?"

Lilikuwa la mwalimu mmoja. Alipigiwa simu kazini kwamba mke wake ameshikwa na uchungu, akakimbia kwenda kumchukua. Mke alitoka nje kumsubiri, na mkoba wake, mbele ya geti lao. Geti la kahawia, ng'ambo ya daraja. Mwalimu alifika. Akakanyaga breki.

Hakupona mtu, Spana alisema, akaishia hapo. Akafuta mikono kwenye suruali, ingawa haikuwa michafu.

"Alikuja hapa mara tatu kulalamikia breki hizo."

"Mkamwambia nini?"

Spana alianza kulifunika gari. Fundi vioo hakuhitaji jibu. Maneno yale aliyajua kwa kichwa.

Akafungua mdomo kudai kila kipande kitolewe, sasa hivi, mbele ya macho yake. Simu ikaita.

"Chupa ya uzazi imepasuka," mke wake alisema. Alikuwa anahema. "Na kichwa kinaniuma. Naona vimulimuli. Njoo, baba. Njoo haraka."

Spana alimfuata akisema ngoja, tukutafutie teksi, ngoja kidogo. Fundi vioo alishaiona pikapu yake karibu na geti, akaingia, akawasha.

Alivuka daraja giza likiingia. Geti la kahawia lilitokea upande wa kushoto, na mbele yake nguzo iliyopinda, ambayo miezi yote hiyo hakuwahi kujiuliza nani aliipinda. Alikanyaga mafuta hadi mwisho.

Injini ikafa.

Ta.

Harufu ikaingia. Breki zilizoungua. Na chini ya harufu hiyo, nyepesi, tamu... poda ya mtoto.

Mkono wake ulikuwa tayari mlangoni. Mara zote alishuka. Mara zote alikimbilia boneti. Lakini simu ilikuwa bado haijakatwa, na ndani yake alisikia pumzi za mke wake zikija fupifupi, zikikatika. Hakushuka. Alifumba macho.

"Nihurumie," alisema. "Mke wangu ananisubiri."

Injini haikuwaka.

"Basi kama unapanda, panda. Twende."

Mlango wa nyuma ulifunguka. Kiti kikabonyea, kikalia, kama kinavyolia chini ya mtu mzito anayekaa kwa uangalifu. Mlango ukafungwa taratibu. Ufunguo haukuguswa na mtu.

Injini ikawaka.

Hakugeuka. Aliukunja juu ule mkono wa kioo cha kutazamia nyuma, kioo kikatazama dari, akaendesha hivyo hadi nyumbani. Mke wake alikuwa ameegemea ukuta wa baraza, uso umevimba. Fundi vioo alitaka kumpakia mbele, karibu naye. Mke hakuweza kukaa wima. Akafungua mlango wa nyuma mwenyewe, akasita.

"Samahani, dada," alisema. "Nisogezee kidogo."

Fundi vioo alisikia kiti kikilia. Mtu alikuwa anasogea.

Pikapu haikuwahi kwenda vizuri vile. Mashimo iliyaona kabla yake. Usukani ulizunguka wenyewe vidoleni mwake. Walipita geti bila kusimama. Nyuma, pumzi zilikuwa za watu wawili. Za mmoja alizifahamu. Za mwingine zilifuata, hatua moja nyuma, kama anayejifunza.

"Pumua nami," mke wake alinong'ona. "Hivyo hivyo. Karibu tunafika."

Hakuwa anasema na mumewe.

Hospitali waliwahi. Daktari alisema dakika kumi zaidi zingetosha kuwa habari nyingine. Wauguzi walipomsukuma mke wake koridoni, mkono wake wa kulia ulining'inia nje ya kitanda, vidole vimekunjwa, kama umeshikwa.

Alikaa kwenye benchi. Hata dua zilimpotea. Baada ya saa moja mkunga alitoka, mama mtu mzima, akijifuta mikono kwa taulo.

"Hongera, baba. Mapacha, wazima wote."

Alimwambia si kweli. Vipimo vyote vitatu vilionyesha mmoja.

"Mashine nazo huchoka," mkunga alisema. Lakini hakumtazama. Aliendelea kufuta mikono iliyokwisha kukauka.

Mke wake alilala na mtoto kila upande, wamefungwa nguo zinazofanana. Damu ilikuwa imeshuka, uso umerudi wake. Fundi vioo alijikuta analia. Aligusa shavu la mmoja. Lilikuwa na joto. Akagusa la mwingine, akiwa amejiandaa kwa baridi.

Joto lile lile.

"Mmoja ni wetu," mke wake alinong'ona.

"Na mwingine?"

"Aliniomba nimshikie tu. Alisema baba yake yuko njiani."

Akainama hadi sikioni mwake.

"Yupi wetu?"

Mke alimtazama wa kulia. Akamtazama wa kushoto. Akarudi kwa wa kulia.

"Nilikuwa najua," alisema. "Waliwaosha pamoja. Kabla hawajawaosha nilikuwa najua."

Koridoni, mbali, kulisikika viatu. Viatu vya mtu anayekimbia, mtu aliyechelewa. Vilikuja moja kwa moja, havikuuliza njia kwa yeyote.

Fundi vioo aliwahi mlango, akauegemea kwa mgongo, akakanyaga sakafu kwa nguvu zake zote.

Viatu vikasimama nje.

Kitandani, watoto wote wawili waliacha kulia, wakageuza vichwa kuelekea mlangoni.