Toleo la Tatu

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi wa kompyuta. Mwisho wa kisa niliusoma mwenyewe, maana siku hizi najifunza kusoma.

Shemeji yake, tuliyemwita Nukta kwa ufupi wake, alitengeneza programu ya kuchapisha ankara za maji. Kompyuta ya ofisi ilikuwa na matoleo mawili, la zamani na jipya. Unaandika jina la unalolitaka, linaitika. Nukta alipolazwa alisema, "La zamani usiliguse, shem. Nitarudi." Rafiki yangu akaitikia, kisha akalifuta, eti linajaza nafasi.

Nukta hakurudi.

Juzi dada yake, mjane wa Nukta, akampigia. "Kaka, nitolee ile kazi yake ya mwanzo. Nataka wanawe waione." Akamjibu kwamba ataitafuta. Akanichukua twende ofisini, ajifanye anatafuta.

Chumba hakina dirisha. Akaandika kuiuliza kompyuta ina matoleo gani. Likatokea moja tu, lile jipya.

"Sasa dada nitamwambia nini?"

Kabla sijajibu umeme ukakatika. Giza totoro. Tukasikia vitufe vinabonyezwa, ta, ta, ta, polepole.

"Acha utani wako," nikasema.

"Mikono yangu hii hapa," akanong'ona, akanishika mabega kwa yote miwili.

Umeme uliporudi akauliza tena. Sasa ilitokea mistari miwili. "Soma wewe," akasema, kafumba macho. Nikausoma ule wa chini, silabi kwa silabi:

"Toleo la tatu. Na hili utalifuta, shem?"