Nguo Nyeupe ya Magesa

Mwaka ule wa themanini na tatu, kijijini Suguti hakukuwa na sabuni, sukari wala mafuta ya taa. Hyasinta alifua kwa majivu. Uji wa muhogo alipika bila sukari. Asubuhi mumewe, Wenceslaus, aliporudi kutoka ziwani, alimpokea samaki, akawapasua na kuwaanika juu ya mawe. Kazi zote alizifanya, lakini kimya kimya. Mgongo wake ulikuwa mwepesi, na wepesi huo ulimuumiza. Hakuwa tena na mtoto wa kubeba.

Mwanawe Magesa alikufa mwezi wa kumi, kwa surua. Ndiyo kwanza alikuwa ameanza kutambaa. Tena alikufa hajabatizwa, na hilo ndilo lililokuwa likimla Hyasinta moyo. Mtoto wake yuko wapi sasa? Hakuwa na wa kumuuliza.

Padri alikuwa mbali, na gari lake mara nyingi halikuwa na dizeli. Lakini mara mbili alifika. Mara zote mbili Hyasinta alibaki nyumbani, kwa sababu hakuwa na nguo nyeupe ya kumvalisha mtoto. Angeipata wapi? Duka la ushirika lilibaki rafu tupu na vumbi. Wenceslaus alikwenda mpaka Manyamanyama, kule Bunda, kwa shangazi yake. Alirudi mikono mitupu.

"Tungoje," walisema. Surua haikungoja.

Mambo ya maziko yaliamuliwa na Nyangeta, mama mkwe wa Hyasinta. Mama huyo alikuwa mkali, na akisema amesema. "Asiyebatizwa halali na waliobatizwa," alisema. Basi Magesa akazikwa nyuma ya nyumba, kando ya mikonge, bila msalaba na bila wimbo. Katekista Clementi alikuwa safarini Musoma mjini. Aliporudi, alikuta kila kitu kimekwisha.

Krismasi ikafika. Asubuhi Nyangeta alimkuta Hyasinta amekaa jikoni, machozi yanamtoka.

"We Hyasinta! Leo kazaliwa Bwana. Futa machozi, unatuharibia sikukuu."

"Siwezi, mama."

"Kama huwezi, baki."

Akabaki. Wenzake walipokuwa wakiimba kanisani, yeye alikuwa kwenye mikonge, akilia peke yake. Jamani, uchungu ulioje!

Siku mbili baadaye, Clementi alipita akitafuta samaki wa mboga. Zamani alikuwa mvuvi, na sauti yake ilikuwa bado ya kuita mtu aliye ng'ambo.

"Shikamoo, mwalimu," Hyasinta alisema.

"Marahaba, mama Magesa."

Hyasinta alishtuka. Tangu maziko, hakuna aliyemwita hivyo. Alikaa chini palepale, kisu cha samaki mkononi.

"Sikukuona Krismasi," Clementi alisema.

"Ningekuja na machozi yangu? Nimeambiwa naharibu sikukuu."

"Kesho ni sikukuu gani?"

"Sikukuu si imepita, mwalimu?"

"Hapo ndipo mnapokoseaga! Mkishakula, mnadhani Krismasi imekwisha. Kesho, tarehe ishirini na nane, ni Sikukuu ya Watoto Mashahidi. Unamkumbuka Herode?"

"Yule mfalme mbaya."

"Huyo. Aliogopa kwamba mtoto Yesu atamnyang'anya ufalme. Akatuma askari Bethlehemu, wakaua watoto wote wa kiume waliokuwa wachanga. Yesu alikuwa ameshakimbizwa Misri. Wale wakafa kwa ajili yake, na hata kumjua walikuwa hawamjui. Leo Kanisa linawaita watakatifu. Sasa niambie, nani aliwabatiza?"

Hyasinta alifikiri. "Labda mama zao?"

"Hakuna! Ubatizo wetu ulikuwa bado. Yesu mwenyewe alikuwa ananyonya."

Hyasinta akasema kwa uchungu, "Lakini wale waliuawa kwa ajili ya Yesu. Wangu kafa kwa surua tu."

"Kweli. Sitakudanganya kwamba ni jambo lilelile. Kanisa nalo halijidai kujua kila kitu. Lakini linamkabidhi mtoto wa namna hii kwa Mungu, na kutumaini huruma yake. Yesu alisema watoto waachwe waende kwake. Hakuuliza wamevaa nini."

Kisu kilimdondoka Hyasinta.

"Na mama zao?" aliuliza.

"Walilia mpaka Injili ikaandika kilio chao. Walikataa hata kubembelezwa. Na Kanisa limeiweka siku yao hapohapo ndani ya Krismasi. Nani basi amesema machozi yanaiharibu?"

"Na nguo nyeupe?"

"Nguo ni alama nzuri ya maisha mapya. Ikiwepo, tunashukuru. Isipokuwepo, mtoto anabatizwa kwa maji na maneno. Na mtoto akiwa mahututi, padri hayupo, mtu yeyote anaweza kumbatiza. Unamimina maji kichwani, unasema: Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

"Yeyote? Hata mimi?"

"Hata wewe."

Hyasinta alitazama ziwa. Maji yote yale, hatua chache kutoka mlangoni! Akapiga kelele, "Mbona hukutuambia, mwalimu?"

Clementi aliinamisha kichwa. "Nilisema mara moja tu. Ilinipasa kusema kila Jumapili."

Alisahau hata samaki wake, akaondoka.

Kesho yake padri hakufika, dizeli tena. Clementi aliongoza sala. Alieleza habari za Bethlehemu kama alivyomweleza Hyasinta. Kisha akasema, "Mama aliyefiwa na mtoto, aliyebatizwa au asiyebatizwa, amtaje tumwombee. Anayetaka kulia, alie."

Hyasinta akawa wa kwanza kusimama.

"Magesa," alisema.

Mama mwingine akasimama, akataja jina. Akafuata mwingine. Surua ilikuwa imepita nyumba nyingi mwaka ule. Kilio kikajaa kanisa.

Mwisho, kwenye benchi la mbele, Nyangeta alisimama. Alishika ukuta.

"Wankyo," alisema. "Wa kwangu aliitwa Wankyo."

Wenceslaus aligeuka kumtazama mama yake. Maisha yake yote hakuwahi kusikia kwamba alikuwa na dada.

"Walimzika kwenye mikonge," Nyangeta alisema. "Nikaambiwa nisilie. Sikulia." Hapo akaanza kulia, yule mama mkali, na Hyasinta ndiye aliyemshika.

Jioni ile Wenceslaus alichonga misalaba miwili. Hyasinta na Nyangeta waliisimamisha kwenye mikonge, wakaimba pamoja. Huzuni haikwisha. Lakini sasa Hyasinta aliweza kusema jina la mwanawe mchana, mbele za watu.

Januari padri alipata dizeli. Akina mama walileta watoto katika kanga zilizopauka na mashati ya magunia ya unga. Walibatizwa wote. Clementi aliwahimiza pia wawapeleke zahanati wakachomwe sindano ya surua.

Mama mmoja alifika mlangoni pa kanisa, akaona haya, akageuka na mtoto wake mgongoni. "Sina nguo nyeupe," alinong'ona.

Nyangeta alimsikia. Alitoka mbio na fimbo yake.

"We! Rudi hapa!" alifoka. "Maji yapo. Unangoja nini?"