Asiyekomaa

Mabomba ya mtaa wa Nyawera yalikuwa yamekauka tangu asubuhi. Magharibi ilipoingia, Chadia alichukua bidoni lake la kutekea maji akateremka kwa jirani yake, Mama Larissa, mwenye tangi lisiloisha maji. Nyumbani alimwacha binti yake Zabibu akipanga nguo. Kesho wakwe wangekuja kutoka Uvira kumchukua bibi harusi.

Uani kulikuwa na giza, na harufu ya tope. Chadia akainama achote.

Kitu kikamwangalia.

Kilikuwa cheupe, kirefu kama mkono wa mtu. Shingoni kilikuwa na vishada vyekundu mfano wa manyoya, vikipepea majini. Kilikuwa na mikono. Kilikuwa na vidole. Na mdomo wake... ulikuwa unatabasamu.

"Usiogope," Mama Larissa alinong'ona nyuma yake. "Bazungu banaifuga ndani ya vioo. Iko mukubwa, ile. Inazeeka na mwili ya utoto. Haikomae, haitoke mu maji."

"Na binti yako Larissa, alishafika Kampala?" Chadia aliuliza.

"Hakuenda." Mama Larissa akatia kidole majini. "Larissa..."

Kile kitu kikapanda juu, taratibu, kikakishika kidole.

Miguu ya Chadia ilitaka kukimbia. Lakini alijisikia akisema, kwa sauti ndogo, "Hata mimi ningependa wangu abakie."

"Chota basi."

Akachota. Njiani alijiambia ni maji tu. Zabibu alikunywa kikombe kizima, akaomba kingine.

Asubuhi Chadia alimkuta bafuni, amejikunja ndani ya beseni kubwa, maji hadi kidevuni. Chini ya masikio ngozi yake ilikuwa imepasuka mistari mistari, myekundu, bila damu. Ikafunguka. Ikajifunga.

"Toka, Zabibu. Wakwe wako njiani."

"Mama, uniache kidogo. Huku iko muzuri."

Ilikuwa sauti yake ya utotoni.

Chadia akakimbia kwa jirani. Mlango wazi. Tangi tupu. Hakuna aliyemwona Mama Larissa akiondoka.

Aliporudi, honi za magari ya Uvira zilikuwa zinapanda mlima, na vigelegele juu yake. Akaufunga mlango wa bafu kwa ufunguo, akauegemea. Ndani, binti yake alikuwa anachezea maji.

Wageni wakabisha hodi.

Chadia akazidi kuuegemea mlango wa bafu. Katikati ya hofu ile yote, aliona haya kugundua kwamba moyo wake ulikuwa umetulia.