Sauti za Juu

Ukumbi wa wagonjwa wa nje ulikuwa umefurika asubuhi ile, na mashine ya foleni ilikwisha kulia mara mbili, mlio mwembamba kama wa kifaranga, bila mwenye zamu kuinuka. Mtakwimu wa maabara ya urithi, aliyekuwa akipita na kikombe cha chai mkononi, akamwona aliyekosa kuinuka: kijana mrefu mwenye shati la kitani na viatu vinavyong'aa, ameketi kando ya mama mtu mzima, kikaratasi cha zamu kimelala kiganjani.

"Kaka, mnaitwa," alisema, akimgusa bega.

Kijana akagutuka. Akamtazama kuanzia gauni la buluu lenye madoa meupe hadi kalamu ya risasi aliyoichomeka nyweleni.

"Niwie radhi, dada. Macho yalikuwa kazini, masikio yakajipa likizo."

"Macho yalikuwa na kazi gani?"

"Hiyo siisemi mbele ya mama."

"Anasemaje huyu?" mama akauliza, kwa sauti iliyofika hadi dirisha la dawa.

"Anasema zamu yetu imefika, mama!"

"Basi aseme kwa nguvu! Msichana mzuri hivi, ananong'ona kama mwizi!"

Watu wakacheka, na mtakwimu akaondoka chai imemmwagikia vidole, asihisi moto wake.

Kijana yule alikuwa fundi wa vinanda; alizunguka mashule na makanisa akikaza nyuzi zilizolegea. Siku ile, kabla hajatoka hospitalini, alimtafuta mtakwimu akamwomba namba; haikupita wiki, simu yake ikawa desturi ya kila jioni.

"Sauti yako ni nzito, imetulia," alimwambia. "Sipotezi hata neno moja. Hebu nieleze, kwa nini wenzako kazini wanakuita Bi Tatu?"

"Kwa sababu siamini jambo mpaka lifike tatu. Sikiliza, fundi. Tunachukua familia yenye maradhi ya kurithi, tunaitafuta alama fulani katika damu yao, kisha tunauliza: je, alama na maradhi husafiri pamoja kutoka kwa mzazi hadi mtoto, au zimekutana kwa bahati tu? Kila jamaa tunamchora, mwanamume mraba, mwanamke duara, na kila mmoja ana ushuhuda wake. Mwenye alama na maradhi hutuongezea kipimo. Mwenye alama asiye na maradhi hutupunguzia. Kipimo kikiwa moja, ushahidi ni kumi kwa moja. Mbili, ni mia kwa moja. Tatu, ni elfu kwa moja."

"Na chini ya tatu?"

"Tunafunga midomo, tunatafuta jamaa wengine."

"Mkali wewe! Nikikwambia nakupenda, utanidai elfu kwa moja?"

"Nitaomba kwanza kuwaona jamaa zako."

Wakacheka wote wawili, wasijue kwamba damu ya jamaa wale ilikwisha kufika katika maabara ya mtakwimu.

Maabarani, watu hawakuwa na majina. Wanaume walikuwa miraba, wanawake duara, kila mmoja na namba yake. Sheria ilikuwa kali: apimaye ushahidi asiwajue watu, na akishaona kipimo asibadilishe hali ya mtu yeyote. Ndipo siku moja ikamfikia familia ambayo kusikia kwao hufifia wakivuka miaka thelathini. Kipimo kilikuwa kimekwama mbili na nusu. Mraba mmoja ndio uliokuwa ukikivuta chini: alikuwa na alama ya mama yake, lakini ameandikwa kwamba anasikia vizuri. Chini yake muuguzi aliongeza neno ambalo lilipaswa kufutwa: *Hakupimwa. Ni fundi wa vinanda. Sikio la fundi halihitaji kupimwa.*

Mtakwimu akaiweka kalamu mezani. Akaukumbuka mlio wa foleni. Akalikumbuka birika la jikoni kwake, lililopiga filimbi mpaka maji yakakaribia kukauka, fundi akiwa hatua mbili kutoka hapo akiimba taratibu.

Alihitaji kugeuza neno moja tu, na kipimo kingevuka tatu. Mkono wake haukuligusa. Alisimama, akaenda kwa daktari mkuu.

"Daktari, nimemtambua mmoja wao. Naomba niondolewe katika kazi hii. Na wote waliojieleza kwa mdomo wapimwe masikio, si mmoja peke yake, na mpimaji asionyeshwe alama zao."

"Tutachelewa sana, binti yangu."

"Tuchelewe, daktari."

Simu iliyofuata haikuanza na salamu.

"Nimeitwa kupimwa masikio. Ombi limetoka kwako?"

"Ndiyo, mpenzi. Ni mimi."

"Kumbe kila nilipocheka ulikuwa unapima! Mimi ni mpenzi wako au ni mraba wako?"

"Ulikuwa mpenzi wangu kabla sijajua kwamba u mraba."

"Mimi nala kwa masikio haya. Wakiniandika kiziwi, nani ataniita kazini?"

"Sitayaona majibu yako. Nimejitoa."

"Basi jitoe na huku pia," akasema, akakata simu.

Siku zikapita kavu. Mtakwimu akapewa familia nyingine, akafanya kazi yake sawasawa, na jioni alikaa akiitazama simu iliyonyamaza. Hatimaye daktari mkuu akampitia ukumbini: "Kimevuka tatu." Wenzake wakapiga makofi. Yeye hakufurahi, kwa maana aliijua hesabu: kipimo kile hakingepanda bila mraba ule kugeuka.

Jumamosi, fundi akapiga simu. "Niko ukumbi wa shule ya wasichana. Njoo, tafadhali."

Alimkuta amekunja mikono ya shati, kinanda kimefunuliwa kifua.

"Walinifungia chumbani," fundi alisema, "wakaniambia ninyanyue mkono kila nisikiapo mlio. Nikaketi mikono magotini, nikidhani mashine imeharibika. Sauti za chini nzima, za kati nzima. Za juu zinaondoka." Akafuta ufunguo mmoja wa kinanda, uliokuwa safi tayari. "Nilikukasirikia kwa kuwa nilikwisha kushuku. Wateja wawili walilalamika kuhusu nyuzi za juu, nikawasingizia panya."

"Panya maskini!"

"Mbona hukuyabadilisha maelezo yangu wewe mwenyewe, kimyakimya?"

"Nilitaka uwe mzima, na nilitaka kipimo kipande. Mwenye haja mbili hafai kushika mizani."

"Na watoto wangu?"

"Nusu kwa nusu, kila mmoja. Lakini watasikia kwa miaka ya kutosha kujifunza kuimba, na kukusengenya."

"Mama yao je? Atavumilia mume wa kupigiwa kelele?"

"Mpate kwanza, ndipo umwulize."

"Ndiye ninayemwuliza." "Nataka nikuoe nikijua ninachokupa. Ni nusu hiyo, na masikio yanayopungua."

Mtakwimu alimtazama usoni, akasema polepole, kwa ile sauti yake nzito, "Ndiyo. Nimekubali."

Fundi akageuka upesi akaishika spana ya kukazia nyuzi, kwa maana machozi yalikuwa yamemlengalenga. "Basi keti hapa. Bonyeza ufunguo wa mwisho kabisa, mkono wa kulia. Ukisikia mtetemo kama wa nzi ndani ya chupa, uzi bado. Ukitulia, niambie."

Akaketi, akabonyeza. Fundi akakaza kidogo, akimtazama midomo.

"Bado," mtakwimu alisema. "Bado, mpenzi… Hapo."